Mama mkwe hali hotelini, na anasema jiko langu limezimika

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia saa tisa za usiku nikiwa kazini. Mimi ni muuguzi, nina miaka 34, naishi Tanga mjini, maeneo ya Chumbageni. Mume wangu yuko bandarini. Tuna watoto wawili, binti wa miaka 9 na mdogo wake wa kiume wa miaka 6. Kazi zetu zote mbili ni za zamu, kwa hiyo kuna wiki nzima tunapishana mlangoni, mimi naingia, yeye anatoka.

Miaka minne iliyopita nilitoka zamu ya usiku Jumapili asubuhi, nikabandika wali, nikaegemea ukuta wa jikoni nikapitiwa na usingizi. Niliamshwa na harufu ya kuungua. Wali wote umekuwa ukoko na jikoni kumejaa moshi. Mume wangu hakugomba. Alizima gesi, akawavalisha watoto viatu, akatupeleka hoteli ya jirani yetu, mwendo wa dakika tano kwa miguu. Tulipomaliza kula akaniambia, "Kuanzia leo, Jumapili jiko lipumzike." Tangu siku hiyo, kila Jumapili ambayo wote hatuko kazini, tunakwenda pale.

Si hoteli ya kulala wageni, Shangazi. Ni hoteli ya mtaani, meza sita, mbili ziko barazani chini ya turubai. Anapika mama mmoja wa makamo na binti zake, mume wake anakaa kwenye meza ya pesa. Ukiingia unakuta ubao wa chaki: wali maharage, wali samaki, ugali dagaa, ndizi nyama, na Jumapili pilau. Mwanangu wa kiume hali pilipili, na mama yule anajua bila kuambiwa. Samaki wake humtolea miba huko huko jikoni kabla hajamletea. Mwaka ambao mume wangu alikaa miezi mitano bila kazi, mama huyo alituandika kwenye daftari, watoto wakala, wala hakuwahi kutudai mbele ya watu. Pale ndipo mahali pekee ambapo sisi wanne tunakaa meza moja na hakuna anayeangalia saa.

Miezi mitatu iliyopita mama mkwe alikuja kutoka Pangani kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho la kulia limeshafanyiwa, la kushoto ameambiwa asubiri. Nilimpokea kwa moyo mmoja. Enzi zake alikuwa mpishi wa shughuli, harusi na maulidi ya Pangani yalimjua. Sasa hakuna ninachokipika kikampendeza. Wali akiuonja anasema tui la blenda halina ladha. Samaki hataki kabisa, anasema wa mjini wamekaa barafuni. Chakula anataka apelekewe chumbani ale peke yake, eti watoto wana kelele.

Wiki tatu zilizopita nikasema twende naye hotelini. Tulifika saa saba na nusu mchana, watu wamejaa, runinga imewashwa mpira. Kijana anayehudumia akasimama mbele yake akapaza sauti, maana kelele zilikuwa nyingi: "Bibi, wewe unakula nini?" Akamwonyesha ubao. Mama akanyamaza. Kijana akarudia. Mama akasema, "Mimi sili vya kununua. Niletee chai ya rangi." Nikamsogezea sahani ya wali na changu wa kukaanga, akaisukuma. Tukala haraka haraka kama wezi. Mume wangu alipolipa, mama akauliza ni shilingi ngapi. Akaambiwa 23,000. Akasema, na mama mwenye hoteli anasikia: "Hizo si kilo nane za mchele? Nilidhani mwanangu amepata jiko."

Usiku ule alimpigia simu wifi yangu aliyeolewa Korogwe. Chumba chake na sebule vinatenganishwa na pazia, nilisikia yote. "Kwa kaka yako hakuna moto. Jiko limezimika. Wanakula hotelini kama wasafiri." Kesho yake wifi akanipigia akaniuliza kwa nini tunamlisha mama yao wali wa jana wa hoteli. Shangazi, siku sita kwa wiki napika kwa mikono yangu, hata nikitoka usiku. Mume wangu nikimwambia azungumze na mama yake ananijibu, "Mwache, ni mzee, ataondoka."

Jumapili mbili hizi hatukwenda. Nilipika. Binti yangu akaniuliza, "Mama, tumegombana na hoteli?" Na yule mama mwenye hoteli amenitumia salamu kwa jirani, anauliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Nikaona aibu, sikujibu.

Niache kwenda ili nyumba itulie? Au twende tumwachie chakula nyumbani? Na wifi nimjibu nini?

Mkaza mwana, Chumbageni

---

Marahaba, mwanangu. Pole na zamu, na pole kwa maneno uliyoyasikia nyuma ya pazia.

Nianze na unachokisubiri. Jumapili yenu msiiache. Ila msiende mkamwacha mama nyumbani na sahani iliyofunikwa kawa, kwa sababu hapo mtakuwa mmempa ushahidi wa yale anayoyasema. Atakwenda nanyi, lakini si kwa namna mliyompeleka ile siku.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona mavyaa na mkaza mwana wanagombea jiko, na barua za namna hiyo ninazo nyingi. Mara ya tatu nikaliona jicho. Umelitaja kwa sentensi mbili ukapita, ukarudi kwenye tui na wali. Hebu turudi nyuma pamoja.

Mwanamke wa Pangani, mji uliokaa pale mto unapoingia baharini, aliyekula samaki tangu hajaota meno, leo hataki samaki. Mpishi aliyelisha harusi na maulidi, aliyezoea makelele ya wanawake ishirini uwanjani, leo kelele za wajukuu wawili zinamkimbizia chumbani akale peke yake. Kijana anamwonyesha ubao wa chaki naye ananyamaza. Anawekewa wali mweupe na samaki mwenye miba mbele ya ukumbi uliojaa watu, anaisukuma sahani na kuomba kikombe cha chai. Mimi hapo simwoni mtu anayedharau hoteli. Namwona mtu asiyeweza kusoma ubao, asiyeuona mwiba, na ambaye angekufa kuliko kukubali watu wa Tanga wamtazame akipapasa sahani.

Wewe ni muuguzi, haya unayajua kuliko mimi. Mtoto wa jicho ni lenzi ya jicho iliyofanya ukungu, na daktari huitoa akaweka lenzi nyingine ya kutengenezwa. Kwa kawaida hufanya jicho moja kwanza, jingine siku nyingine. Mama yako sasa yuko katikati ya siku hizo mbili. Jicho la kulia linaona mwanga mkali na rangi alizozisahau, la kushoto bado liko kwenye ukungu, na macho yasiyopatana hayampi mtu kipimo cha umbali. Ngazi inakuwa karibu kuliko anavyodhani, kikombe kinakuwa mbali. Ungemwona wodini ungelijua hilo mara moja. Nyumbani ni mama mkwe, na maneno yake makali yamekuziba usiangalie mikono yake.

Mama yangu mzazi tulimwona anatumbukiza kidole kwenye kikombe kila akimimina chai. Tukamkemea, tukamwambia ni uchafu, mbele ya wageni tukamnyang'anya birika. Alikuwa anapima chai imefika wapi. Ilituchukua karibu mwaka mzima kuelewa, na mwaka huo alikuwa mkali kwa kila mtu, zaidi kwa mke wa kaka yangu ambaye ndiye aliyemhudumia. Mpaka leo nikiona mtu mzima anakataa chakula kwa hasira, naangalia kwanza kama anakiona.

Naweza kuwa nimekosea. Jaribu hivi wiki hii kabla hujaamini maneno yangu. Mpelekee wali kwenye sahani ya rangi, ya bluu au ya kijani, si nyeupe. Samaki mtoe miba wewe mwenyewe jikoni, usimwambie. Uweke upande wa kulia wa sahani kila siku, pale pale, na ukiweka sema tu, "Mama, samaki yuko kulia, mchicha kushoto," kama unavyotangaza chakula kwa mtu yeyote. Akimla samaki wa barafuni bila neno, utakuwa umepata jibu.

Halafu lipo hili la jiko, nalo nataka nilikalie kidogo kwa sababu ndilo lililokuuma.

Kwetu mwanamume akioa tunasema amepata jiko. Neno hilo mama mkwe wako hakulitunga, alilikuta, na yeye mwenyewe aliolewa nalo. Kwake jiko halikuwa neno tu. Mpishi wa shughuli huamka alfajiri, huwasha kuni kwenye mafiga, huamua kwa jicho sufuria ya watu mia mbili inataka chumvi kiasi gani, huwaamrisha vijana wageuze mwiko na wanawake wakate vitunguu, na siku hiyo hata mwenye nyumba humsikiliza. Sasa mtazame alipo. Jikoni kwako kuna gesi, na moto wa gesi ni wa bluu, mwembamba, mtu mwenye ukungu machoni hauoni mchana. Nazi inasagwa na blenda. Hakuna anayemwomba kitu, kwa sababu nyote mnamhurumia. Kisha Jumapili mnamvalisha, mnampeleka kwa mwanamke mwingine mwenye mwiko mkononi, mtu wa kazi ile ile aliyokuwa akiifanya yeye, na mwanawe anatoa pesa na kusifu pilau. Aliposema jiko limezimika, nusu ya sentensi ile alikuwa anajisemea yeye mwenyewe.

Sikuambii haya ili umeze matusi. Kusemwa mbele ya mwenye hoteli ni kitu kibaya, na kuzungumzwa simuni ni kibaya zaidi. Nakuambia ili ujue unapojibu unamjibu nani.

Na hili la "sili vya kununua" halina mizizi, na yeye anajua. Pwani yetu asubuhi inaanza kwa vya kununua. Mahamri na mbaazi za nazi, vitumbua, mkate wa kumimina, mihogo ya kuchemsha: nyumba ngapi zinapika vyote hivyo zenyewe? Mimi nilitumwa na bakuli la bati na sarafu mkononi kwa mama wa mtaa wa pili, na nilikuta foleni ya watoto wenzangu, na hakuna aliyesema kwa mama zetu hakuna moto. Tulichokionea aibu zamani ni kukaa. Kununua ukarudi nacho nyumbani, sawa. Kukaa ukala mbele ya watu, hasa mwanamke, hiyo ilikuwa habari nyingine. Hata jina linasema: mgahawa ni mkahawa, na mkahawa umetoka kwenye kahawa, pale wanaume walipokaa na vikombe vyao. Mama mkwe wako amekulia kwenye mpaka huo. Akiwa msichana, benchi la mkahawa halikuwa mahali pake.

Wanawake ndio waliolibadilisha lile benchi. Mafundi na makuli walisimama mbele ya sufuria na sahani zao wakisema "mama, nitilie," na kutoka hapo tukapata mama ntilie. Miaka ya 1980, mishahara ilipokuwa haitoshi hata kununulia sukari, ni masufuria hayo yaliyowasomesha watoto wengi wa miji yetu. Na haikuwa kazi ya kuringia. Mwaka 1983, wakati wa kampeni ya Nguvu Kazi, watu wa mjini waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikamatwa na kupelekwa mashambani, na mwenye sufuria barabarani hakuwa na uhakika wa kesho yake. Huyo mama mwenye meza sita aliyewaandika kwenye daftari anatokana na wanawake hao. Mama mkwe wako pia, ukitazama vizuri. Yeye alipikia harusi za watu, huyu anapikia Jumapili za watu. Wakikaa jikoni pamoja wataongea lugha moja.

Kuhusu wali wa jana, hapo usimcheke wifi yako, kwa sababu wasiwasi wa chakula cha nje una sababu. Wali uliopikwa ukaachwa kwenye joto letu la pwani unaweza kubeba bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa, na kuupasha moto hakuondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na cha moto kibaki juu ya nyuzi 60. Wali wa nazi unachacha mapema zaidi, hilo kila mpishi wa pwani anajua. Lakini mtazame mwenye hoteli wenu anavyofanya kazi. Saa nane mchana je, anafuta samaki kwenye ubao? Hoteli inayofuta ubao ni hoteli inayopika cha siku ile na kikaisha. Angalia kama nyama mbichi ina kisu chake, kama maji ya kunawa yanatiririka na sabuni ipo, kama wapishi wamepimwa afya na vyeti vipo bwana afya akipita. Ukiridhika, una jambo la kumwambia wifi kwa utulivu. Usiporidhika, mwambie mama mwenye hoteli faraghani, naye atakushukuru.

Sasa baba watoto. Hapa sitazunguka.

Mwanangu, katika barua yako nzima mtu aliyeanzisha Jumapili ya hoteli ni mumeo. Ni yeye aliyezima gesi, ni yeye aliyesema jiko lipumzike. Mama yake anajua hilo? Naona hajui. Anaamini umemvuta mwanawe kutoka jikoni kwako ukampeleka kula kama msafiri, na mumeo amemwacha aamini hivyo kwa miezi mitatu, kwa sababu kunyamaza kwake kunamgharimu kidogo na kunakugharimu wewe sana. "Ni mzee, ataondoka." Aondoke aende wapi? Jicho la kushoto bado. Na siku akiondoka ataondoka na hadithi hiyo hiyo mpaka Pangani.

Mwambie baba watoto akae na mama yake peke yao, wewe ukiwa kazini ili isionekane umemtuma. Aseme kwa maneno yake, lakini haya yawemo: "Mama, Jumapili ni mimi niliyesema. Mke wangu aliunguza wali kwa usingizi wa zamu, nikaogopa siku moja ataunguza nyumba na watoto wamo. Siku sita anapika. Ya saba nimempumzisha mimi." Asiongeze lawama, asitaje simu ya Korogwe. Mama wa Kiswahili akisikia mwanawe amefanya jambo kwa kumhurumia mkewe anaweza kununa siku mbili, lakini moyoni anajua amelea vizuri.

Na aulize jambo jingine pale pale: jicho la pili ni lini, na kama baada ya la kwanza aliambiwa apimwe miwani. Wengi baada ya upasuaji bado huhitaji miwani ya kusomea. Mtoto wake wa kuzaa ndiye wa kuuliza hili, kwa sababu kwako atasema anaona vizuri.

Kisha Jumamosi. Nunueni nazi nzima, mbili, msinunue iliyokunwa wala msitoe blenda. Kama mbuzi haipo nyumbani, azimeni kwa jirani. Ulizeni kliniki kama kuinama kidogo si tatizo, na kwa miezi mitatu hii huenda wakakubali. Kisha mwambie, "Mama, tui langu hulipendi, nifundishe lako." Kukuna nazi hakutaki macho sana, mkono unaujua ukingo wa kifuu wenyewe. Wewe shika kifumbu, umkamulie, yeye akuambie kasimile itengwe lini na la pili liingie lini. Binti yako naye akae hapo hapo. Usifanye kumfurahisha tu, mwanangu. Jifunze kweli, maana mpishi wa shughuli anajua vitu ambavyo havijaandikwa popote, na siku hayupo vinakwenda naye.

Jumapili yenyewe itengenezwe mapema. Nenda wewe mwenyewe kwa mama mwenye hoteli katikati ya wiki. Usimweleze ugomvi wa nyumbani kwenu, mwambie una mgeni mtu mzima, macho yake hayajakaa sawa, na enzi zake alikuwa mpishi. Muombe mambo machache. Mje saa tano na nusu, kabla ya watu na kabla ya mpira. Kijana wake asimsimamie mama kumuuliza anakula nini, kwanza amwamkie, shikamoo yenyewe, halafu amletee maji ya kunawa kwa birika na bakuli pale alipokaa badala ya kumwelekeza kwenye sinki la kona. Chakula uagize siku ile ile unapokwenda, kisiulizwe mezani. Kile anachomfanyia mwanao cha kutoa miba afanye kwa samaki wa sinia nzima, mle sinia moja nyote, ili asiwepo mtu wa kuonekana ametengenezewa chake. Pesa umalize naye mapema. Mama asione noti, kwa sababu kila noti ataigeuza mchele, na kwa hesabu zake hajakosea.

Mkifika mkalisheni aupe mgongo mlango. Jicho lililofanyiwa upasuaji mwanga mkali wa nje unalichoma.

Na kama mama mwenye hoteli ni mtu niliyemwona katika barua yako, muombe jambo la mwisho: baada ya kula aje mezani mwenyewe, amwamkie mama, amuulize kuhusu pilau. Swali la kweli, mpishi kwa mpishi. Watu mia mbili nyama unaitia lini, mchele unaosha mara ngapi, bizari unakaanga au unasaga mbichi. Waache waongee. Ninyi nyamazeni, hata wakichukua nusu saa, hata watoto wakianza kuhangaika.

Wifi mjibu kwa ufupi na kwa heshima. Mwambie mama hajala wali wa hoteli hata punje, amekunywa chai ya rangi, na kwamba jicho la kushoto linasubiri siku yake, je, yeye anaweza kuja kumuuguza wiki hiyo ili wewe usikose zamu? Muulize kwa nia njema kabisa. Mtoto wa kike aliye mbali husikia simu tu, na akija kukaa wiki moja akaona mama anavyoishika sahani, hutahitaji kujitetea.

Lakini leo, kabla ya yote hayo, mjibu mama mwenye hoteli. Ameuliza kama kuna mgonjwa na hajapata jibu kwa wiki mbili, mtu aliyewalisha kwa daftari. Pita ukitoka kazini, mwamkie, mwambie wote wazima, na Jumapili mtakuja watu watano.

Shangazi